Kamera ya Moshi na Jiwe la Kilimani

Nilimpiga mume wangu hadharani, mbele ya kijiji kizima, kwa kishikwambi cha watu wa utafiti. Nilimpiga mpaka kioo kikapasuka na vipande vikamwingia kwenye nyusi. Watu walinishika, wakasema huyu kapandwa na wazimu wa msiba, mwacheni alie. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa na akili zangu timamu na nilijua ninayempiga ni nani na kwa nini.

Hasira ni zangu tangu utotoni, sina wa kumsingizia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira ya siku ile ina habari yake, na habari yenyewe inaanzia kwenye nguzo.

Nguzo ilisimikwa nje kidogo ya Mchinga, pale barabara kuu inapopanda kilima kuelekea Lindi. Juu yake wakafunga kamera na kibao cha umeme wa jua. Watafiti walikuja na gari jeupe, vijana wenye adabu, wakatukusanya ofisi ya kijiji wakatueleza. Walitaka kujua magari ya barabara yetu yanatoa moshi kiasi gani. Hawakuwa na chombo cha kuchomeka kwenye ekzosi ya kila gari, kwa hiyo kamera itayatazama tu, na mashine itajifunza kwamba hili ni lori, lile basi, hii bajaji, linakwenda kwa mwendo gani, lina mzigo au halina. Kutokana na hayo itakisia hewa chafu linayoiacha nyuma. Walichagua kilima kwa sababu gari likipanda na mzigo ndipo linapokohoa.

Walihitaji mtu wa hapahapa wa kuifundisha mashine pale inapobabaika. Mimi nilikuwa na kidato cha nne changu kimekaa bure, nakaanga mihogo kwenye kibaraza cha mama, hatua chache kutoka barabarani. Nikapewa kishikwambi, nikaonyeshwa namna ya kuchora kisanduku kuzunguka gari kwa kidole na kuandika jina lake.

Wallahi, mashine ile ilikuja kwetu haijui kitu. Pikipiki yenye magunia ya mkaa huku na huku iliiita bajaji. Pikapu iliyobeba wanaume wamesimama wameshika jeneza, wanakwenda kuzika, iliiita basi la abiria. Nikawa naigombeza kwa sauti, wewe umezaliwa wapi wewe, hujawahi kuona maiti? Mama, akiwa anakuna nazi pembeni, aliniuliza nagombana na nani. Ikawa inajifunza kidogo kidogo, na mimi nikaipenda, kama unavyompenda mtoto mzito wa kuelewa anapoanza kuelewa.

Jambo moja watafiti walilisisitiza. Kabla picha haijanifikia, mashine ilikuwa inafuta nyuso za watu na namba za magari. Uso unabaki doa la kijivu. Kila jioni picha zote zinafutika, zinabaki hesabu tu. Walisema watu wana haki ya kupita barabarani bila kuandikwa. Nikaona ni sawa.

Lakini nenda kamwambie dereva. Madereva walisema ile ni tochi ya trafiki ya kupima mwendo, imefichwa juu ili iwakamate vizuri. Walikuwa wakipita wanairushia mawe na chupa. Siku moja utingo mmoja alishuka na spana ya magurudumu akaanza kuigonga nguzo, nikamkimbilia nikamshika shati, akanizaba kofi nikaona nyota. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Mume wangu alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini, akasema watafiti wamepata mbwa wa bure. Nikamtupia mwiko.

Mume wangu ni dereva wa lori. Nasema ni, ingawa neno limepitwa. Alikuwa akiendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Lindi, akibeba ufuta kutoka vijiji vya juu. Kaka sina; nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, na mama mwana wa kiume alikuwa yeye peke yake. Alikuwa na pikipiki, akibeba abiria, na abiria wakikosekana anabeba nazi. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kuendesha. Walikuwa wakitaniana kishemeji kutwa kucha, mume wangu akimwambia mwenzake amemwolea dada yake kwa kumhurumia, mdogo wangu akijibu kwamba shemeji angezijua mapema hasira za nyumba ile angedai alipwe mahari yeye. Walipendana, hilo sina shaka nalo hata leo.

Sasa, barabara zetu zina desturi yake. Gari likiharibika, utingo anakata matawi ya miti anayatandaza kwenye lami, mbele na nyuma, ili wanaokuja wajue. Likiharibikia kilimani, anatafuta jiwe kubwa anakinga tairi lisirudi. Gari likipona watu wanaruka ndani wanaondoka. Matawi yanasagwa na magari mengine. Jiwe linabaki palepale lilipokuwa, katikati ya njia ya watu. Hakuna anayeshuka kuliondoa, kwa sababu lori lenye mzigo likishapata nguvu ya kupanda, hulisimamishi tena kwa ajili ya jiwe. Sote tunalalamika. Madereva wote wanayaacha mawe hayo.

Siku yenyewe asubuhi tulikuwa shambani, mimi na mama, tunakata ufuta. Tulirudi jua la utosi. Niliswali, nikajinyoosha kidogo, na baada ya alasiri nikakaa kibarazani na kishikwambi changu. Ndipo jirani yetu akaja mbio, mtandio umemwangukia mabegani. Akamwambia mama kwamba mwanawe kagongwa na lori pale kilimani na amekufa, na lori lenyewe wamelikamata.

Mama alikaa chini, pale pale kwenye maganda ya mihogo. Mimi nilichukua mchi wa kinu. Niseme kweli, nilikimbia kwenda kuua. Sikukimbia kumtazama mdogo wangu, nilimkimbilia aliyemuua. Kishikwambi kilikuwa kwapani na sikukumbuka kwamba ninacho.

Nazi zilikuwa zimetapakaa barabara nzima, zingine zimepasuka, maji yake yanatiririka na damu. Mdogo wangu walikuwa wameshamfunika khanga. Lori la chumvi lilikuwa limesimama, vioo vyote vimevunjwa, na dereva wake alikuwa chini mbele ya bampa, mtu wa makamo, amevuliwa shati. Walikuwa wakimpiga wanaume ninaowajua tangu utoto. Wauza nazi, waendesha bodaboda, muadhini wetu mpole anayeogopa kuchinja kuku. Mmoja alikuwa ameshika dumu la petroli. Kila dereva anaambiwa ukikuta ajali usisimame, nenda moja kwa moja polisi. Huyu alisimama. Alikuwa anasema, kwa mdomo uliojaa damu, sikumgonga jamani, nilimkuta, nilimkuta. Wakampiga mateke ya mdomo asiseme.

Mume wangu alikuwa hapo. Alikuwa anarudi kutoka Lindi na lori tupu, akakuta msiba wa shemeji yake barabarani. Alikuwa analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, na alikuwa ameokota jiwe kubwa la barabarani, amelinyanyua kwa mikono yote miwili juu ya kichwa cha yule mtu. Watu walikuwa wamempisha. Yeye ndiye mfiwa, haki ni yake.

Na mimi ningemwacha. Nilikuwa nakuja na mchi wangu nimsaidie. Kilichonisimamisha ni kitu kidogo tu, kishikwambi kilinichomoka kwapani kikaanguka mguuni pangu, na kioo kikawaka. Nikafikiri, hebu nimwone anavyomgonga. Nilitaka niione, nimuonyeshe na yeye kabla hajafa, ili asife anakana. Nikapiga kelele wangoje. Mume wangu aliijua sauti yangu, akangoja, jiwe likiwa juu.

Nikarudisha picha nyuma. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, nikajifunika na upande wa khanga. Mdogo wangu akatokea na matenga yake ya nazi, uso wake doa la kijivu. Nyuma yake likaja basi kwa kasi. Akajisogeza pembeni kulipisha, na gurudumu la mbele la pikipiki likakuta jiwe. Akaruka. Basi likapita zake, halikumgusa, labda hata halikumwona. Ikawa barabara tupu na yeye amelala. Halafu, muda umeshapita, ndipo lori la chumvi likatokea chini ya kilima, likapunguza mwendo, likasimama, na mtu akashuka mbio akapiga magoti kando yake.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee ambaye watu bado wanamsikiliza, alikuwa amefika. Nilimwamkia shikamoo hata sijui kwa nini, mdomo uliamkia wenyewe. Nikamuonyesha. Bila miwani aliona kwa shida, ikabidi nimweleze huku nikimwekea kidole. Aliangalia mara mbili. Akainua mkono akawatangazia watu kwamba dereva hakugonga mtu, kilichoua ni jiwe, limeachwa na gari lililoharibikia hapa. Yule wa petroli aliweka dumu chini taratibu. Wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mzee akaniambia nirudishe nyuma zaidi, amwone aliyeliweka.

Nikarudisha. Nilikuwa na hamu naye kuliko mzee. Mchi bado nilikuwa nao. Magari yakarudi kinyumenyume, adhuhuri, asubuhi, mpaka likatokea tairi la nyuma la lori pembeni mwa picha na kipande cha bodi kilichojaa vumbi. Lori lenyewe halikuingia lote. Mtu alikuwa ameinama, anasukumia jiwe chini ya tairi kwa mikono yote miwili. Hakuwa na utingo, alikuwa peke yake. Akageuka kidogo, uso doa la kijivu. Akainama tena, na nyuma ya suruali yake kukawa na kiraka cha kitenge cha njano chenye samaki.

Kiraka kile nilikishona mimi. Kitenge kilikuwa kipande cha gauni langu. Alikataa kukivaa, akasema watamcheka, nikamwambia atakayekucheka mlete kwangu.

Nikainua macho. Alikuwa bado ameshika jiwe, ila sasa limeshuka kifuani, amelikumbatia. Alikuwa amesikia maneno ya mzee. Analitazama lile jiwe, analigeuza, kuna alama nyeusi ya tairi la pikipiki ubavuni. Nikauona uso wake unavyobadilika. Alikuwa amesahau, nyie. Aliliacha asubuhi akasahau, kama wanavyosahau wote, akaliokota jioni amuulie nalo mtu mwingine.

Mzee akaniuliza, "Unamjua huyo?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Dumu la petroli lilikuwa palepale. Nikajua kwamba nikisema ndiyo, mume wangu hafiki magharibi. Nikajua pia kwamba mdogo wangu amelala pale chini ya khanga ya mtu. Sikuweza kusema na sikuweza kunyamaza. Ndipo nikamwendea nikampiga.

Nilimpiga kwa kishikwambi usoni, kichwani, shingoni, kwa kona na kwa ubapa. Hakujikinga. Jiwe lilimtoka likamwangukia vidole vya mguu na hakujikinga. Kishikwambi kilizima, kikapinda, kikaachia betri. Waliponitoa nilikuwa nimebakiwa na ganda mkononi. Mzee akasema poleni, mnamuona dada mtu alivyochanganyikiwa, na picha zenyewe ndiyo zimeshakwenda. Kweli zilikwenda. Jioni ile kamera ikafuta za kwake kama kawaida.

Yule dereva wa chumvi walimpeleka hospitali Lindi. Alipona, ila jicho moja halikufunguka tena. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Mimi nilikwenda mara moja nikafika mlangoni nikarudi.

Watafiti niliwaambia kishikwambi kilianguka. Wakanipa pole ya msiba, wakaleta kingine. Nilipokiwasha nikaangalia hesabu za siku ile. Lori la mume wangu lilihesabiwa, limesimama kilimani injini inaunguruma, moshi wake ukaandikwa mwingi. Mdogo wangu hakuhesabiwa. Mashine inataka gari liingie upande huu wa picha litokee upande wa pili, na yeye hakutokea, kwa hiyo ikamtupa kama kosa. Nilikitukana kile kishikwambi matusi ambayo siyaandiki.

Tulizika. Mume wangu aliingia kaburini kumpokea, na watu wakamsifu. Mama alimsifu kuliko wote. Alikaa matangani anawaambia wanawake wenzake kwamba mkwewe ndiye aliyemlilia mwanawe kiume, alikuwa tayari kufungwa kwa ajili yake, tena dada mtu akampiga kwa kuchanganyikiwa na yeye asinyanyue hata mkono. Mimi nilikuwa nagawa uji. Nilikuwa nauma ulimi.

Nyumbani hatukusemezana. Nilimpikia, nikamwekea chakula, nikageukia ukuta. Usiku mmoja aliniambia niende nikaseme, yeye hawezi. Nikamwambia mdomo anao.

Baada ya hitima mama akatoa lake. Alisema yupo mtu aliyeacha jiwe, uso wake ulifutwa na mashine, lakini Mungu hakufuta. Atasomewa albadiri. Watu wa pwani wanajua maana yake. Albadiri ikisomwa, aliyetenda atadhurika, na anayejua akaficha atadhurika naye, yeye na kizazi chake. Mama akasema kikulacho ki nguoni mwako, huenda ni mtu wa papa hapa. Kisha akamgeukia mume wangu akamwambia, wewe ndiye mwanangu sasa, nenda Lindi ukaniletee maalim.

Nilidhani atatoroka. Ana ndugu Kipatimu huko milimani, ambako gari lenyewe hufika kwa dua. Asubuhi aliondoka bila kuniaga na nikasema moyoni basi, ndiyo tumeachana. Adhuhuri akarudi na maalim.

Walikaa ukumbini juu ya mkeka, ubani ukawashwa. Mama alikuwa ameagiza lile jiwe liletwe, likawekwa katikati. Alama ya tairi ilikuwa bado ipo. Maalim, kabla ya kufungua kitabu, akatoa onyo kama ilivyo ada, kwamba kikishafunguliwa hakifungwi kwa msamaha wa mtu, mwenye neno aseme. Nilikuwa mlangoni na wanawake. Nilifungua mdomo. Sijui nilikuwa nakwenda kusema nini, kwa sababu mume wangu alinitangulia.

Alisema, "Mama, jiwe nimeliacha mimi."

Mama alimtazama, halafu akanitazama mimi, na akajua kwamba nilijua, akajua na sababu ya kishikwambi. Niliona kila kitu kinavyompita machoni. Akasimama. Ni mwanamke mdogo wa umbo, tena magoti yanamsumbua. Aliinama akalinyanyua lile jiwe mpaka kifuani na sisi tukawa tunamtazama tu. Maalim akaanza kusema lahaula.

Mama akamwuliza, "Na yule wa chumvi ungemuua kwa hilihili?"

Akajibu, "Ndiyo, mama."

Kisha akauweka mkono wa kushoto juu ya sakafu, kiganja chini, kando ya mkeka. Mkono wa gia. Hakuambiwa. Mama akaliachia jiwe.

Sauti ya jiwe lile siisahau. Mume wangu hakupiga kelele, mimi ndiye niliyepiga. Mama alikaa chini palepale, akamwambia maalim asikifungue kitabu, hakuna wa kusomewa. Mwenyekiti hakuitwa, polisi hawakuitwa. Hospitali tulisema amebanwa na gari.

Vidole vitatu havikurudi sawa, na lori hawezi tena. Sasa anakaanga mihogo kwenye kibaraza cha mama, kwa mkono mmoja, na mimi nachora visanduku vyangu pembeni. Lori likiharibika kilimani nakwenda namsimamia dereva mpaka aondoe jiwe lake, na asiyetaka namrushia hilohilo.

Kila baada ya alasiri mama anapasha mafuta ya nazi, anamwita, na mkwe anakwenda anakaa chini mbele yake. Anaukanda ule mkono, kidole kimoja kimoja. Siku nyingine anakanda polepole. Siku nyingine, naona jasho linamtiririka mume wangu usoni na mishipa ya shingo imemsimama, mama anabana palepale mfupa ulipovunjika, anabana, anatazama barabarani. Yeye hauvuti mkono.